Kipindi cha 61: Dumu la Chande

REHEMA: Haya, tumerudi. Rehema hapa, na pembeni yangu yuko Chande, ambaye leo ananukia kama kituo cha mafuta.

CHANDE: Da Rehema, shikamoo kwanza.

REHEMA: Marahaba. Bado unanukia.

CHANDE: Ngoja nieleze. Jumanne usiku natoka kazini, taa ya mafuta kwenye ki-IST changu inawaka tangu Jumatatu. Kesho yake ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wanatoa bei mpya, na mtaani kila mtu anasema inapanda. Naingia kituo cha kwanza. Kijana ananiambia, "Pampu mbovu, braza." Cha pili, "Yameisha, gari liko njiani." Cha tatu foleni ya bodaboda imetoka mpaka barabarani. Nikakaa saa nzima na nusu.

REHEMA: Ukajaza.

CHANDE: Nikajaza. Na asubuhi saa moja napita pale kituo cha kwanza, pampu imepona! Usiku tu, bila fundi, bila nini. Bei mpya ubaoni, foleni hakuna.

REHEMA: Bei kikomo, ile ambayo kituo hakiruhusiwi kuizidi, inaanza saa 6 na dakika moja usiku. Pampu nayo inajua saa.

CHANDE: Kwa hiyo leo nimeandaa mambo matano ambayo msikilizaji anatakiwa kuyajua kuhusu mafuta ya nchi hii. La kwanza...

REHEMA: Subiri. Umejaza gari tu?

CHANDE: ...Na dumu.

REHEMA: Dumu gani?

CHANDE: Lile la njano, la mafuta ya kula. Lita 20.

REHEMA: (anacheka) Msikilizaji, kaka yenu ameanzisha hifadhi ya taifa.

CHANDE: Umechelewa. Mke wangu kaliona stoo kasema, "Baba, hii TIPER umeihamishia lini huku kutoka Kigamboni?"

REHEMA: Wifi ana maneno! Na wasikilizaji wadogo huenda hawaijui TIPER. Ilianza miaka ya 60, tulikuwa tunaleta mafuta ghafi tunasafisha wenyewe pale Kigamboni. Ikafika mwisho wa miaka ya 90 kazi ya kusafisha ikasimama, yakabaki matangi ya kuhifadhia. Sasa hivi petroli yote inakuja imeshasafishwa, kwa meli.

CHANDE: Hilo ndilo la kwanza kwenye orodha yangu! Yanashukia bandari za Dar, Tanga, Mtwara. Na kwenye hayo ya Dar, sehemu kubwa si yetu, ni ya majirani. Bomba la TAZAMA peke yake lina kilomita 1,710 mpaka Ndola, Zambia, na siku hizi linapitisha dizeli.

REHEMA: Dumu lako liko upande gani wa stoo?

CHANDE: Da Rehema.

REHEMA: Nauliza tu. Karibu na jiko la gesi?

CHANDE: Ukuta mmoja. Lakini limefungwa! Nimekaza na karatasi ya nailoni.

REHEMA: Chande, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, unatambaa sakafuni kama maji, unatafuta moto. Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta limeanguka, watu wamekimbilia na madumu kama hilo lako. Likalipuka. Walikufa zaidi ya 100.

CHANDE: ...Najua.

REHEMA: Basi.

CHANDE: Nitalitoa. Lakini nimelinunua kwa sababu gani? Kwa sababu ya yule wa pampu mbovu. Huyo ni mwizi.

REHEMA: Hapo hatuko pamoja.

CHANDE: Najua, kwa sababu ya shemeji yako.

REHEMA: Ndiyo, shemeji yangu ana kituo, pampu mbili, na sioni aibu. Mwezi bei ikishuka, yale aliyonunua kwa bei ya juu anauza kwa hasara. Nani anamfidia? Kwa hiyo akinusa inashuka, Jumanne haagizi, anakauka. Akinusa inapanda, anashikilia kidogo afidie mwezi ule. Hiyo ni hesabu ya dukani, hata wewe ungeipiga.

CHANDE: Bei ikipanda anapata. Hiyo faida anaitoa sadaka?

REHEMA: Anafidia hasara.

CHANDE: Faida yake ya kila lita imeshahesabiwa ndani ya bei kikomo, da Rehema! Bei ya soko la dunia, gharama za meli, dola, kodi, tozo, usafiri, faida ya jumla, ya rejareja. Vyote vimo. Na leseni inamtaka auze. Mwaka 2023 EWURA walifungia vituo kwa kuficha mafuta.

REHEMA: Walifungia. Na mwaka huo shida ilianzia kituoni? Waagizaji walikuwa wanahangaika na dola za kulipia meli. Tunaagiza kwa pamoja tangu 2012, zabuni moja, meli kubwa, na kweli imepunguza demareji, ile tozo ya meli kukaa ikisubiri bandarini. Lakini meli moja ikikwama, kampuni zote zinapwaya pamoja. Halafu tunamkamata mwenye pampu mbili.

CHANDE: Sisemi asikamatwe wa juu. Wakamatwe wote.

REHEMA: Kampuni kubwa ina matangi, inaweza kusubiri wiki. Yeye hawezi.

CHANDE: Mtu wa bodaboda ndiye hawezi kabisa. Asipopata lita mbili usiku ule, kesho mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili. Shemeji yako akishikilia lita elfu tatu, kuna boda elfu moja na mia tano hawajala.

REHEMA: Na wewe umeshikilia lita 20. Ni boda kumi hizo.

CHANDE: (kimya) Hiyo si sawa.

REHEMA: Tofauti iko wapi? Umenunua kwa bei ya jana ukitumaini kesho itapanda.

CHANDE: Mimi siuzi!

REHEMA: Kwa hiyo kuficha ni kosa ukiuza?

CHANDE: Kuficha ni kosa ukiwa na leseni ya kuuza. Mimi ni mnunuzi, nimelipa, ni yangu. Yeye amepewa dhamana.

REHEMA: Sikubali.

CHANDE: Na mimi sikubali ya hasara. Mwenye duka la mchele bei ikishuka nani anamfidia?

REHEMA: Mwenye mchele hapangiwi bei!

CHANDE: Ndiyo maana mchele...

REHEMA: Aa-aa, usianze mchele. Fundi anatuonyesha vidole, dakika ngapi? Mbili.

CHANDE: Mbili! Nimesoma moja tu kati ya tano. Kulikuwa na hifadhi ya dharura, wanachama wa IEA, lile shirika la kimataifa la nishati, wanatakiwa kuweka akiba ya siku 90 za uagizaji, nilitaka kuuliza sisi tuweke wapi na nani alipe. Kulikuwa na vinasaba, ile alama ya kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, na ile kodi ya mafuta ya taa ya 2011...

REHEMA: Wiki ijayo.

CHANDE: Wiki ijayo utaniuliza tena dumu.

REHEMA: Nakuuliza sasa hivi. Ulisema utalitoa stoo, utalipeleka wapi?

CHANDE: Nilishalitoa. Mke wangu alinifukuza nalo asubuhi. Ndiyo maana nanukia.

REHEMA: Liko wapi?

CHANDE: Kwenye buti.

REHEMA: Buti la gari. Gari liko wapi?

CHANDE: Hapo nje, pale...

REHEMA: Juani?

CHANDE: Kulikuwa na kivuli nilipoegesha.

REHEMA: Saa mbili hiyo! Sasa hivi saa sita! Fundi, zima. Chande, funguo, nipe funguo...