Panzi wa Rangi wa Kigoma: Mwangalie Mabawa Kabla Hujampa Jina

Mwakeye nyote. Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Leo nataka tuongelee panzi, na hasa yule mwenye rangi nyingi ambaye kila mvua zikinyesha watu wanampiga picha wanauliza huyu ni nani, afu majibu yanakuja kumi na kila jibu na jina lake.

Huyu kwenye picha ya ukutani hapa wengi mmeshamuona shambani. Kijani iliyochanganyika na njano, ana nyeusi, ana chungwa, wengine wana na bluu, na antena ni nyeusi zenye pete za chungwa. Kitaalamu anaitwa Zonocerus elegans, jina alilopewa na Thunberg mwaka 1815, na ni mwenyeji kabisa wa Afrika, hajaletwa na mtu. Anakula mihogo, anakula mnyonyo, anakula kahawa, yani hachagui sana. Sasa ana ndugu yake, Zonocerus variegatus, ambaye amejaa zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, na Afrika Mashariki wapo wote wawili, kwahiyo sisi tunaotazamana na Congo ng'ambo ya ziwa tusiwe na haraka ya kumalizia hilo jina la pili. Ukiandika Zonocerus ukaishia hapo umesema kweli, na kweli fupi mi naipenda kuliko jina refu la kubahatisha. Hata ile programu ya iNaturalist, ya kutambua viumbe kwa picha, ukiipa picha ya panzi mmoja kwa juu tu, chukua jibu lake kama pendekezo.

Tatizo ni kwamba watu wanaangalia rangi peke yake. Rangi inabadilika kwa umri jamani. Tunutu wa huyu panzi, yani mtoto, ni mweusi mwenye madoa ya njano au meupe, na wanakaa kundi zima kwenye mmea mmoja wamebanana, mtu akiwaona anasema hao ni aina nyingine kabisa, kumbe ni haohao kabla hawajakomaa. Panzi hana kiwavi wala pupa, anatoka kwenye yai tayari ana sura ya panzi, anajivua ngozi mara kadhaa anaongezeka, na kila akijivua rangi nayo inasogea kidogo.

Utajuaje sasa kama uliyemshika ni mkubwa au mtoto? Hapa naomba mnisikilize vizuri manake ndo sehemu inayowachanganya hata wanafunzi wa vyuo. Zonocerus wengi wakubwa wana mabawa mafupi, hayafiki mwisho wa tumbo na hawawezi kuruka angani, wanatembea na kudunda tu. Kwahiyo ukiona kibawa kifupi usiseme moja kwa moja huyu bado mtoto. Angalia lipi liko juu ya lipi. Kwa tunutu aliyekaribia kukomaa, vibawa vimegeuka, kile cha nyuma ndo kimelala juu kinafunika cha mbele. Akishakomaa mambo yanakaa sawa, bawa la mbele lile gumu ndo linakuwa juu, hata kama ni fupi kama ukucha. Piga picha ya ubavuni, ya karibu, sio ya juu peke yake, na hilo swali linaisha papo hapo. Ukiwa hapohapo angalia na mwisho wa tumbo, jike ana vijimeno vinne vya kuchimbia udongo atage, dume ameisha mviringo kwa kuinuka juu.

Kichwa pia. Familia yake, Pyrgomorphidae, wengi wana kichwa kilichochongoka mbele, na ukisogeza lenzi pale kwenye ncha katikati ya macho unaona kijimfereji. Ndugu zetu wa Kagera mliopo hapa, senene hamna haja niwafundishe, ila kwa faida ya wengine, senene antena zake ni ndefu kuliko mwili na masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, panzi antena ni fupi na masikio, kama anayo, yako ubavuni mwa tumbo.

Kuna mwingine mkubwa zaidi, Phymateus, huyo ngao ya shingoni ina miiba au vinundu, ukimsumbua anainua mabawa na ya nyuma yana wekundu na bluu, na anaweza kukutolea povu. Anakula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu na ile sumu anaitunza mwilini. Zonocerus naye anaokota sumu kwenye mimea. Zile rangi zote ni tangazo kwa ndege na kwa mjusi kwamba mimi sio chakula, kwahiyo wazazi naomba sana, watoto wasiwaokote wakawachoma wakidhani ni sawasawa na panzi wa majani.

Na nzige mwekundu? Nalisema hili kwa uzito manake bonde la Malagarasi ni moja ya sehemu anazozaliana, pamoja na Wembere, Iku-Katavi na Rukwa. Kuanzia 1930 mpaka 1944 alitoka kwenye maeneo ya aina hii akasambaa nusu ya bara la Afrika. Mwaka 2009 alipoongezeka, Malagarasi ilikuwa kwenye maeneo yaliyonyunyiziwa Metarhizium, fangasi anayeua nzige, badala ya sumu kali, na ilikuwa busara, ile ni ardhi oevu ya Ramsar, yani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu 2000, watu wanavua mle. Huyo nzige ni mkubwa, rangi ya kahawia, mabawa marefu yenye mistari 7 ya giza, wekundu uko kwenye mabawa ya nyuma unauona akiruka. Hafanani na wa mihogo hata kidogo. Ukimuona kundi kubwa mpigie bwana shamba siku hiyohiyo.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza, sasa hawa wa mihogo anyunyizie nini. Mama yangu, kabla ya dawa tafuta wanapotagia. Wanakusanyika majike kwa madume sehemu moja yenye kivuli na udongo laini, wanataga sentimita chache chini, mayai yako ndani ya povu lililokauka, na yanakaa humo miezi. Weka kijiti pale mlipowaona wamejazana, wakishaondoka chimbueni na jembe muyaache juani. Kizazi ni kimoja kwa mwaka, kwahiyo ukiyaharibu hayo, na jirani akafanya hivyohivyo upande wake, msimu unaofuata wanapungua sana.