Kile kisura cha nukta mbili

Haya, wengine mlishanisikia nikilisema hili na leo mtalisikia tena, maana kila nikikaa na wakusanyaji wenzangu wa visanamu vya kuchezea vya LEGO, vile vya plastiki vinavyokuja na matofali ya kujengea, watu wazima kabisa, lalamiko ni lile lile: mada za seti zimebadilika, kasri hakuna, maharamia hakuna, siku hizi ni muvi tu. Mimi nasema mada sio tatizo. Tatizo ni sura.

Angalieni hiki nilichoshika. Ni mwanaanga wa LEGO wa miaka ile ya mwanzo, mwekundu, kifuani ana nembo ya dhahabu ya chombo kinazunguka mwezi, imefutika nusu kwa vidole, na kofia ina ufa hapa kidevuni, palepale zilipokuwa zinapasuka nyingi sababu plastiki ilikuwa nyembamba. Usoni ana nini? Nukta mbili na tabasamu, basi. Visanamu hivi vilipotoka 1978, polisi alikuwa na sura hiyo, mwanaanga hiyo hiyo, askari wa kasri hiyo hiyo, na wote njano ili asiwe mtu wa taifa fulani. Hasira zake unazitia wewe. Asubuhi ni nahodha, jioni ni mwizi, na hakuna anayekwambia umekosea.

Playmobil, wale wenzao wa visanamu vya plastiki, walilijua hilo mapema zaidi. Mbunifu wao Hans Beck alipounda vile vya sentimita 7.5, vikatoka 1974, aliangalia watoto wanavyochora mtu, kichwa kikubwa, macho, tabasamu, pua hamna, na yeye pua hakuweka. Na hata kile kimo kidogo, bei ya mafuta ilipanda 1973, plastiki ikawa ghali, wakahitaji kitu kinachokula plastiki kidogo. Mnaona? Mabadiliko ya kibiashara yalikuwepo tangu zamani na hayakuua kitu.

1989 wakaja maharamia wa LEGO, kiraka cha jicho, ndevu, ndoano mkononi. Sura imeanza kubadilika lakini sina ugomvi, mwenye kiraka unaweza kumfanya mvuvi ikaenda. Ila 1999 zikaja seti za LEGO za muvi ya Star Wars, na hapo kisanamu kinatoka kwenye boksi tayari ana jina, ana baba, ana adui, na mwisho wake unajulikana. Umnunue uchezee nini sasa, wakati hadithi imeshaisha?

Mtu ataniambia aah we unalilia utoto wako. Hapana jamani, nimekaa na watoto sakafuni, mpe mtoto shujaa wa muvi atakuuliza "huyu anafanyaga nini?", mpe huyu wa nukta mbili ataanza mwenyewe kukwambia. Na yule anayesema leseni, yaani ruhusa ya kutengeneza wahusika wa muvi za wengine, ndizo zilizoiokoa LEGO, mwaka 2003 leseni zilikuwepo na hasara ilikuwa kubwa, sababu moja ni kwamba mwaka huo hakukuwa na muvi mpya ya Star Wars wala Harry Potter, mauzo yakashuka. Ukiegemea hadithi ya mwenzio, akinyamaza na wewe umenyamaza.

Halafu hili linaniuma kweli. 2022 tukaambiwa kasri la LEGO limerudi, tukashangilia. Vipande 4,514, na kwenye boksi wameandika 18+! Kumi na nane! Yaani kasri tumerudishiwa sisi wenye mishahara, tuliweke kwenye kabati la kioo, na mtoto wa miaka 7 abaki kuchungulia. Wakusanyaji tusifurahie hilo, tuseme, tuandike, tudai seti ndogo ya askari watatu na ukuta mmoja.

Nilitaka kuongelea vile vifuko vya 2010, vilivyofungwa usione kisanamu kipi kimo, tulivyokuwa tunavipapasa kutafuta upanga humo ndani, na viboksi vilivyovifuata 2023 ambavyo hupapasi kitu, lakini muda umekwisha, tutaulizana kwenye maswali. Huyu mwanaanga mpitisheni hadi kule nyuma kila mtu amuone usoni, ila kofia msiivue tafadhali, ule ufa umebaki kidogo tu ukatike.