Kabla Hujalipa Amana ya Nyumba ya Geti, Omba Sheria za Mtaa

Habari zenu watu wangu wa Nairobi, na nyote mnaonitazama mkiwa kwenye matatu, karibuni tena. Niko Houston, Texas. Leo siwatembezi popote, nimekaa mezani, kwa sababu jambo hili linataka utulivu. Wengi mmekuwa mkinitumia picha za nyumba mnazotaka kununua: za Syokimau, za Kiambu Road, za kule Ruiru. Zote ziko ndani ya geti, paa rangi moja, miti midogo imepandwa mstari. Mnaniuliza kama bei ni nzuri. Nami nikiwauliza kama mmeonyeshwa sheria za mtaa, kimya.

Nyumba yangu huku iko chini ya HOA, yaani chama cha wenye nyumba. Si chama cha kujiunga ukipenda. Ukishanunua umekuwa mwanachama, kwa sababu masharti ya mtaa yamesajiliwa kaunti pamoja na rekodi za ardhi. Mwenye nyumba anauza, anahama, masharti yanabaki palepale na kumshika anayeingia. Huku Houston masharti hayo yana uzito wa pekee, maana hili ndilo jiji kubwa kuliko yote Marekani lisilo na sheria ya kutenga maeneo ya makazi na maeneo ya biashara. Jiji halikwambii hapa ni nyumba za kuishi tu, pale ni pa gereji. Kinachomzuia jirani kufungua gereji chini ya dirisha la watoto wako ni masharti hayo ya hati, na jiji lenyewe lina mawakili wanaoweza kumpeleka mahakamani anayeyavunja.

Sasa angalieni hii barua, naisogeza karibu na kamera. Ni ya rafiki yangu Mkenya, ameniruhusu niwaonyeshe, jina lake na la kampuni inayosimamia mtaa nimeyafunika. Mnaona hapa katikati? Picha ya pipa la taka mbele ya nyumba, na tarehe chini yake. Kwao pipa linatolewa jioni ya kuamkia siku ya gari la taka, kisha linarudishwa nyuma ya ua siku hiyohiyo. Lake lililala nje. Wengine mtaona ni mambo madogo, lakini someni barua hadi chini. Imetaja kifungu kilichovunjwa, imempa muda wa kurekebisha, na inamwambia ana siku 30 tangu barua itumwe kuomba kusikizwa na kamati ya chama. Hilo la mwisho si hisani ya kamati. Ni sheria ya Texas inayowalazimisha.

Akiomba kusikizwa, kamati inapaswa kumpa ushahidi wote watakaoutumia angalau siku 10 kabla ya kikao. Kama anadaiwa faini peke yake, hawawezi kuiuza nyumba yake kwa deni hilo. Ada ya mtaa ni jambo lingine, na hapa nawaomba msikilize vizuri nyinyi mnaopanga kununua huku: ukiacha kulipa ada, chama kinaweza kufikia hatua ya kuuza nyumba yako, hata kama mkopo wa benki unaulipa bila kukosa. Texas inakupa siku 180 za kuikomboa baada ya mauzo, na kwa familia inayotafuta pesa hizo ni muda mfupi sana.

Kwa hiyo ninapowaambia muulize sheria, siongelei urefu wa nyasi. Naongelea sheria inayomfunga mkaazi na kuifunga kamati vilevile. Sheria ya upande mmoja ni ubabe, iwe Texas au Nairobi.

Lakini sitaki mdhani nazichukia. Jirani yangu alitaka kupaka nyumba rangi, akajaza fomu, akabandika kipande cha rangi yenyewe, akasubiri kibali. Inachosha, ndiyo, ila mtaa mzima unajua kesho utaamka vipi. Linalotuumiza Wakenya ni magari. Tukipata msiba, watu wanakuja kukaa na wafiwa jioni baada ya jioni, na magari yanajaa pande zote za barabara. Mitaa mingi hairuhusu hivyo. Nimeona familia zikizunguka nyumba jirani mapema na karatasi ya kueleza kuna msiba, na mmoja wetu akimpigia simu msimamizi. Majirani Wamarekani wakaleta vyakula. Kuwapa watu taarifa kunafungua mlango ambao kifungu peke yake kingeufunga.

Na bendera, maana mmeniuliza: ya Marekani inalindwa na sheria ya nchi iliyotiwa sahihi mwaka 2006, chama hakiwezi kukukataza kuipeperusha nyumbani kwako, ingawa kinaweza kukupangia namna na mahali. Ya Kenya, soma masharti ya mtaa wako kwanza.

Turudi nyumbani. Nani hajui Buruburu? Ilijengwa kwa awamu, kuanzia miaka ya 1970, nyumba zenye bustani mbele, vijia vya watoto kupita, kila kitu kwa kipimo. Pita leo uone. Bustani ni duka, juu ya duka kuna vyumba vya kupanga, maji taka yanabeba watu ambao mabomba hayakujengewa. Simlaumu mzee aliyejenga duka akistaafu, watoto walitaka karo. Nauliza tu majirani walikuwa na chombo gani cha kukaa pamoja na kusema hapa tujenge, hapa tusijenge. Kilimani na Kileleshwa ni hivyohivyo: mtu analala kando ya bustani, anaamka kando ya ghorofa. Karen na Runda vyama vya wakaazi vina nguvu, na cha Karen na Langata kimefika mahakamani zaidi ya mara moja kwa ajili ya ujenzi. Nataka nguvu hiyo iwe pia ya watu wa Umoja na South B.

Mnaonunua fleti, mna silaha tayari. Kuna ile sheria mawakili huiita Sectional Properties Act, ya mwaka 2020. Mpango wa jengo ukishasajiliwa, wenye fleti wote wanakuwa shirika moja linalosimamia ngazi, lifti, maji, paa na eneo la magari. Shirika lina sheria ndogo, mkutano mkuu, na linaweza kuunda kamati ya ndani ya kusikiliza mizozo. Mnaonunua nyumba za kujitegemea ndani ya geti, mara nyingi mtapewa hisa katika kampuni ya usimamizi. Muulizeni mjenzi anaiachia lini hiyo kampuni. Texas, mjenzi akishauza asilimia 75 ya viwanja, ana siku 120 za kuhakikisha theluthi ya kamati imechaguliwa na wenye nyumba. Kwenu jibu litatoka kwenye mkataba, basi lisomwe kabla ya kutia sahihi.

Kuna kitu kimoja kinaniuma. Masharti ya mitaa Marekani yaliwahi kutumiwa kuwazuia watu weusi wasinunue nyumba. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kuyatekeleza mwaka 1948, na ubaguzi katika nyumba ukapigwa marufuku kwa sheria ya 1968. Nairobi ya mkoloni nayo iligawiwa kwa rangi, mnajua nani aliruhusiwa kukaa Muthaiga. Kwa hiyo sheria ya mtaa wako ikimkataza dada wa kazi kuketi kwenye bustani, au kupanda lifti wanayopanda wengine, simama mkutanoni uipinge. Chungeni kelele, taka, ujenzi na magari. Mtu asichungwe kwa sababu ya alivyo.

Basi, kabla ya amana, wakili wako aombe sheria za mtaa zilizotiwa sahihi, hesabu za mwaka jana, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, na barua kwamba anayekuuzia hana deni la sevisi chaji. Kumbukumbu ndizo zitakazokueleza mengi, maana humo utajua kama kisima kimekauka au askari wa geti hawajalipwa.

Mama mmoja wa Lang'ata ameniuliza: mimi nimeshanunua, na mwenyekiti hajawahi kuita mkutano, nifanyeje? Mama, usiende peke yako. Tafuta majirani, andikeni barua moja mtie sahihi wote, ombeni hesabu na tarehe ya mkutano, na kila mmoja abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, barua hiyo ndiyo wakili wenu ataanza nayo.