Bampa la chuma la gari la porini: anza na chesesi, uso baadaye

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunatengeneza bampa la mbele la gari la kupita njia mbaya, kwa bamba la chuma, kuanzia kadibodi mpaka rangi.

Kabla hujakata chochote, elewa hili: nguvu ya bampa haitoki kwenye unene wa uso wake. Inatoka pale linaposhikana na chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Ukiweka uso wa milimita 10 kwenye mabano dhaifu, yaani vile vipande vinavyolishika bampa kwenye chesesi, umebeba uzito wa bure, maana siku ya kuvutwa kwenye tope kitakachong'oka ni mabano.

Na uzito tuupigie hesabu kabisa. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 5 ina kilo 39 hivi. Bampa likila mita moja na robo, unakaribia kilo 49, na winchi, ile mashine ya kuvutia gari kwa waya, bado. Springi za mbele zitalala. Kwa hiyo uso na mabawa (pande za kushoto na kulia) tunatumia milimita 4 au 5, mabano ya chesesi 8 hadi 10, na masikio ya kuvutia, pale inapofungwa kamba ya kuvuta gari, 20.

Fungua bampa la zamani, lakini kwanza toa waya wa hasi wa betri. Magari mengi ya sasa yana vitambuzi vya mfuko wa hewa hapa mbele. Usivikate wala usivihamishe. Pia uliza sheria ya mahali ulipo inaruhusu nini, kwa sababu bampa gumu humuumiza zaidi mtu akigongwa.

Sasa tazama hapa, kwenye ncha za chesesi. Matundu haya ya kiwandani ndiyo tunayotumia. Kata bano, lipige tundu la milimita 13, lifunge kwa boliti za milimita 12 zilizoandikwa 8.8 kichwani, alama ya daraja la nguvu yake. Kama boliti inapenya chesesi yenye uwazi ndani, ingiza kipande cha bomba kati ya kuta mbili, boliti ipite ndani yake. Bila bomba hilo, ukikaza nati kuta zinabonyea kuelekeana, na boliti haitakaa imekaza hata siku moja. Bampa usilichomelee moja kwa moja kwenye chesesi. Lazima liweze kufunguka.

Kama utaweka winchi, bamba lake lifungwe kwenye mabano hayo hayo. Winchi nyingi za magari madogo zina matundu manne: milimita 254 kwa upana na 114 kwa kina. Pima yako kabla ya kupiga drili.

Tunaingia kwenye kadibodi, na hapa usiwe na haraka. Kata vipande, vishike kwa gundi ya karatasi, virudishe kwenye gari, rudi nyuma hatua kadhaa uangalie. Zungusha usukani mpaka mwisho kila upande uone kama tairi linagusa bawa. Acha nafasi ya milimita 20 hadi 25 kati ya bampa na bodi, kwa sababu bodi imekalia mipira na inacheza juu ya chesesi. Mabawa yapande juu kuelekea tairi, hapo ndipo gari linapata pembe ya kupanda mwamba bila kugonga. Rejeta iachiwe hewa.

Ukiridhika, hamishia michoro kwenye bamba kwa chaki, kata. Miwani, kinga ya masikio na glovu ziwe mwilini tayari.

Mkunjo bila mashine ya kukunjia? Chora mstari upande wa nje, pitisha disiki ya kukatia mpaka zibaki kama milimita 2, kisha kunja taratibu. Mfereji utafunguka kama herufi V, nasi tutaujaza kwa kuchomelea. Pembe nyingine panga mabamba yakutane kwa kingo za ndani tu. Unaona? V inajitokeza yenyewe, na moto unafika chini.

Saga kingo mpaka chuma king'ae. Ile ngozi nyeusi ya kiwandani iondoke, na kama kuna zinki, iondoe yote, moshi wake unaumiza. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini usiiweke karibu kabisa: arki, yaani cheche ya kuchomelea, inaweza kuigeuza fosijeni, gesi yenye sumu kali.

Shikiza kwa nukta kila sentimita 8 hivi, bampa likiwa garini, betri bado imetolewa, athi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) karibu na unapochomea. Pima usawa kwa pima maji, pima kushoto na kulia. Kisha lifungue, lilaze mezani, na kabla ya kuchomea kikamilifu chomelea chuma cha pembe nyuma, kutoka bawa hadi bawa. Chuma kikipoa hunywea na kuvuta. Chomea sentimita 5 kushoto, hamia kulia, rudi katikati. Ukiburuta mstari mzima kwa pumzi moja, mabawa yatafunga na matundu hayatakutana tena na mabano.

Masikio ya kuvutia yasibandikwe juu ya uso. Toboa mpasuo, sikio lipenye mpaka nyuma, lichomelewe pande zote mbili na lishikane na bano la chesesi. Msuko wa moto, yaani mstari wa kuchomelea, uonekane sawasawa, usiwe na vitundu wala ukingo uliolika. Ukiona kitundu, saga chote, chomea upya. Hapa kuna uhai wa mtu, kwa sababu sikio likikatika kwenye mvuto linaruka kama risasi.

Yaliyobaki ni mepesi. Toboa matundu madogo chini ili maji yatoke, lainisha kwa disiki ya msasa, futa mafuta, piga praima tabaka mbili halafu rangi, na usisahau ndani ya mikunjo.

Funga bampa, kaza boliti kwa spana ya kipimo, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bano. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya, lala chini ya gari utazame mistari hiyo. Uliopishana, nati yake imelegea: ikaze tena.