Kurasa za Mwisho Zilikwenda na Karanga

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na ninyi vijana mliojibana kule mlangoni, hamjambo. Naona mmekaa mkao wa kutoroka. Nikizidisha, tokeni tu, sitawasema.

Mkutubi wetu aliponipigia simu aliniambia, "Mwalimu, njoo hapa maktaba utuambie vitabu, nyimbo na sinema zilizokulea." Nikamjibu kwamba mimi nililelewa na bibi muuza karanga, hayo mengine yalikuja kwa mlango wa uani. Akacheka. Akasema basi njoo naye. Kwa hiyo jioni hii nimekuja na bibi yangu, Mungu amrehemu, na mengi nitakayoyasema ni yake.

Tulikaa Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya 12. Mchana bibi anakaanga karanga, jioni anajitwika beseni na kwenda kukaa nje ya sinema ya Majestic. Nyumba ilikuwa na mgawanyo wa kazi. Mimi nakunja karatasi ziwe koni za kutilia karanga. Kaka yangu anambebea bibi kigoda na kandili, na biashara ikiisha anamrudisha nyumbani. Ishikeni vizuri hiyo kazi ya kaka, maana nitairudia.

Ninaposema karatasi, vijana mnaweza msinielewe. Hayo ninayoyasimulia ni ya mwaka 1982. Vita ya Kagera ilikwisha 1979 ikatuachia mfuko mtupu. Sabuni foleni, sukari foleni, hata daftari la shule ni la kugombania. Karanga zilikuwapo, cha kufungia ndicho hakuna. Bibi alianza na magazeti. Magazeti yalipoadimika akahamia kwenye daftari zangu za zamani. Pengine humu ndani yumo mtu aliyewahi kumaliza karanga zake akakuta chini ya koni hesabu ya sehemu imepigwa kosa jekundu. Basi hesabu ile ilikuwa yangu.

Mwaka huo karani mmoja wa reli, jirani yetu, aliniazima *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilichapishwa 1960, na hiyo nakala ilikuwa imeshapita mikono mingi, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Mimi nilikuwa sijakutana na kitu kama kile. Maiti inakutwa mzimuni, na anayekwenda kulifumbua fumbo ni Bwana Msa, mtu asiye na bastola wala ngumi. Anavuta kiko. Anauliza swali la kijinga, ananyamaza. Rafiki yake Najum haelewi, na msomaji haelewi pamoja naye. Nilisoma kwa kandili hadi bibi akaja kuizima, na usiku huo nilikuwa nimefika mahali ambapo Bwana Msa ameshaanza kukusanya nyuzi zake.

Kesho yake natoka shule, nakiona kitabu kimekonda.

"Bibi, kitabu changu kimefanywa nini?"

"Kimefanya kazi."

"Bibi!"

"Nimechukua karatasi za nyuma tu, mume wangu. Za mbele nimekuachia, si ndizo unazozisoma?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Nilikwenda Majestic mbio, picha imeshaanza, nikaokota koni zilizotupwa nje moja moja na kuzikunjua chini ya taa ya mlangoni. Nilipata kurasa mbili zenye mafuta, na zote zilikuwa za katikati, nilishazisoma. Muuaji alikuwa ameingia ndani na tiketi.

Ikabidi nikiri kwa mwenye kitabu. Nilitegemea makofi. Yule karani alinitazama kwa muda, akaniambia, "Mimi nilishakimaliza, muuaji namjua. Wewe kaa hivyo hivyo." Hakunipiga wala hakunilipisha. Nilimwamkia kila asubuhi kwa miaka mitatu, na kila asubuhi aliitikia marahaba yake vizuri kabisa akapita.

Nikaanza kuhukumu mwenyewe. Nilimtia hatiani kila aliyetajwa kwenye zile kurasa zilizobaki, kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Wakati mmoja nilimshika hata Najum, na ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito kuliko wa wengine wote, nawaambieni. Mwaka 1985 nikakikuta kitabu kizima katika maktaba hii hii. Mwisho niliusoma nikiwa nimesimama, kwa kuwa niliona kwenda kutafuta kiti ni kupoteza wakati. Mwandishi alinishinda, ilikuwa lazima anishinde. Lakini ule mwisho wangu wa Najum mpaka leo siutupi. Nilipokuja kusomesha Kiswahili, riwaya za darasani nilikuwa nazibana kurasa za nyuma kwa pini za ofisi kabla ya kuzigawa. Wanafunzi walinichukia, mmoja yupo pale anatikisa kichwa. Na muuaji simtaji. Mtakisoma wenyewe.

Muziki nitausema kwa ufupi, maana sina sauti na sitaki mkutubi aniombe kuimba. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Bendi zilikwenda kurekodi studio za redio kule Barabara ya Pugu, na nyimbo nyingi zilibaki hapo hapo, hazikufika dukani. Wimbo ulikuwa kama basi: unauvizia kituoni, ukipita umepita. Mjomba alikuwa na redio kaseti, nami nilikaa na vidole viwili juu ya vitufe viwili nikingoja wimbo mmoja wa Mlimani Park, wana Sikinde, bendi iliyoanza 1978 na ambayo kwa maoni yangu haijapata mpinzani. Wapenzi wa bendi ya Msondo mniwie radhi.

Mnajua nyimbo zile zilivyojengwa. Kwanza zinakwenda taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, mke kaondoka, rafiki kamgeuka. Kisha linakuja chemko: magitaa yanashikana, tarumbeta zinaingia, hapo hata mwenye kinyongo anainuka. Basi usiku ule niliunasa, mwanzo safi kabisa, kisa chote, na chemko linaanza tu kunukia. Mara ngoma. Ngoma ya taarifa ya habari, saa mbili kamili.

Kaseti ile niliisikiliza miaka sita. Nikiwa chuoni Dar es Salaam nikaenda ukumbi wa DDC Kariakoo, Sikinde wakaupiga wenyewe. Ulipofika pale watu wote wakavamia sakafu, mimi nimesimama naisubiri ngoma. Nilikuwa mtu pekee ukumbini aliyetaka habari.

Sasa twende sinema, na hapa nitakaa.

Tanga ilikuwa mji wa picha za Kihindi. Kulikuwa na Majestic, kulikuwa na Novelty, na lilipoingia picha kubwa tiketi zilikwenda kwa walanguzi. Watu wasiojua neno la Kihindi waliimba nyimbo nzima, na sisi tulilia mahali pa kulia bila kutafsiriwa. Mimi nilikuwa mdogo na hela haikuwapo, kwa hiyo picha nyingi niliziona kwa mdomo wa kaka. Yeye bawabu alimruhusu kupenya, kwa malipo ya koni moja ya karanga. Akirudi usiku ananisimulia kitandani, na kaka alikuwa hodari: farasi anawapiga kwa vidole kwenye ubao wa kitanda, risasi anazipiga kwa ulimi, na mwanamke akiimba naye anaimba, kwa sauti ya chini bibi asisikie.

Picha alilolisimulia kuliko yote ni *Sholay*. Limetoka India mwaka 1975, lina zaidi ya saa tatu, na ukiwauliza wazee hapa mbele watakutajia Gabbar Singh kabla hujamaliza swali. Gabbar ni jambazi. Alimkata mikono yote miwili Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi. Thakur akawakodi wahuni wawili wenye moyo, mmoja Dharmendra, mwingine yule mrefu, Amitabh Bachchan, mwenye sarafu anayoirusha kila wanapotaka kuamua jambo. Katika masimulizi ya kaka, vijana wote wawili wanatoka salama, maana steringi hafi, hiyo ilikuwa sheria. Na Gabbar anaangukia miguuni mwa Thakur. Hana mikono yule mzee, lakini amevaa viatu vya misumari. Anamkanyaga mpaka anamwua. Kaka alikuwa anamalizia kwa kupiga kisigino ukutani, mara tatu. Vumbi la chokaa linatuangukia.

Mwaka 1987 jirani alinunua deki ya video. Tukalipa kiingilio sebuleni kwake, tukakaa chini, na *Sholay* likawekwa. Amitabh akafa! Anafia mikononi mwa rafiki yake, na sarafu inagunduliwa kuwa ina sura moja pande zote mbili. Mama mmoja alitoka nje kulia. Nikajipa moyo kwamba walau mwisho utakuwa ule. Thakur akampata Gabbar, akainua kiatu, na polisi wakafika. Wakamsihi, sheria ifuate mkondo wake. Akashusha mguu.

Nilikasirika kwa namna ambayo nashindwa kuieleza mbele ya watu wazima. Niliona kaka kanidanganya mara mbili katika picha moja. Sikumwambia. Nilimwekea tu moyoni, kwa miaka, kama mtu anavyoweka risiti.

Baadaye sana ndipo nikasoma habari za picha lile. Kumbe mwongozaji wake, Ramesh Sippy, alishapiga mwisho mwingine. Katika mwisho wa kwanza Thakur anamwua Gabbar kwa miguu yake. India wakati ule ilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa Juni 1975, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuona aliyekuwa polisi akijichukulia sheria. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi waingizwe. Huo ndio uliokuja huku kwetu, na ule wa kaka ulibaki kabatini.

Nikampigia simu. Yuko Muheza, ana machungwa yake.

"Kaka, shikamoo. Yule Gabbar ulisema kauawa. Kumbe ni kweli, walibadilisha."

"Marahaba. Nilikwambia."

"Ulijuaje, na sisi tulioneshwa ule wa polisi?"

Akanyamaza. Kisha akaniambia jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu zamani, maana kazi yake naijua. Baada ya mapumziko watu hawatoki tena kununua karanga, na bibi akishafunga beseni hamsubiri mtu. *Sholay* aliingia usiku saba, na mwisho wake hakuuona hata mara moja. Kila usiku alikuwa njiani, kandili mkono mmoja, kigoda mkono mwingine, anamsimulia bibi alipofikia. Na bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga ndani ya Majestic maisha yake yote, alikuwa anatembea anasikiliza.

"Nikamwuliza, bibi, huyu mzee hana mikono, atafanyaje? Akasema, kwani miguu nayo imekatwa? Amkanyage."

"Na Amitabh?"

"Bibi alimpenda yule mrefu. Alisema huyo asife, nami nikakwambia hivyo hivyo."