Msalaba wa Mkunazini na kuta zetu za Moshi

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana wa kwaya, habari za mchana.

Mgeni kutoka Unguja alisali nasi hapa, kisha akaniuliza mbona kuta zetu ni tupu: hakuna picha wala sanamu, ni msalaba wa mbao na aya moja juu ya madhabahu. Swali lake ndilo lililonisimamisha leo.

Waanglikana tuliingia nchi hii kwa milango miwili. Unguja walikuja UMCA, wamisionari wa vyuo vikuu vya Uingereza, watu wa ubani na mishumaa. Huku mlimani Kilimanjaro walikuja CMS, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1885, wakapokewa Old Moshi na Mangi, yaani mtawala wa Wachaga, Rindi, ambaye wengine walimwita Mandara. Hao walitaka Neno lisomwe na lihubiriwe, na jicho lisivutwe pembeni. Mwaka 1892, baada ya mvutano na Wajerumani, wakahamia Taveta, Kenya ya leo; mwaka uliofuata wakafika Walutheri wa Leipzig, Ujerumani. Kuta tupu, basi, ni urithi. Hazikuachwa tupu kwa makosa.

Lakini nimefika Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana mjini Unguja, na sikuweza kupita haraka. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, mtu aliyekitumikia sana Kiswahili chetu. Amezikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu: panakumbukwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Watu wanapiga magoti pale pale wenzao walipochapwa. Mimi nilishindwa kuimba.

Kando kuna msalaba mdogo. Mbao yake ilitoka kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari na msafiri David Livingstone mwaka 1873. Mwili wake ulibebwa kwa miguu hadi Bagamoyo na watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao. Ukiutazama msalaba ule, nakuomba uwakumbuke wabebaji kwanza. Umesimama kwa sababu yao.

Sasa turudi kwetu. Nimewahi kuona mimbari ya kuchonga, nakshi za majani ya mgomba, ikipakwa rangi ya mafuta hadi mchongo ukazibika. Hakuna aliyejua nani aliichonga. Vitambaa vyetu vya madhabahu, vya kijani na vya zambarau, vimetarizwa kwa mkono na mama ambao baadhi yao wamekaa hapa mbele yangu, na kitabu cha parishi hakina hata jina moja.

Katibu, nimekuja na daftari na kalamu. Mama wa benchi la kwanza, tuanze na wewe: kile cha Kwaresima ulikishona mwaka gani?