Kubadilisha rangi ya nguo kwenye picha kwa GIMP, mikunjo ibaki ilivyo

Habari zenu. Mnaona hapa picha ya dada aliyevaa gauni la buluu. Tunaligeuza gauni liwe rangi ya damu ya mzee, na mtu akilitazama asijue kama limeguswa. Programu ni GIMP, ya kuhariri picha kwenye kompyuta, haina malipo. Hapa tuko kwenye toleo la 3.0, lakini mwenye 2.10 atafuata hatua hizihizi.

Anza na picha yenyewe kutoka kwenye kamera au simu. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, na JPEG inapobana hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga, hivyo ukingo wa nguo unakuja na ukungu wa rangi ambao hautoki. Mwambie aliye nayo aitume kama dokumenti. Ukishaifungua, bonyeza Ctrl na S uihifadhi kama XCF, faili la GIMP yenyewe, ili leya zote (tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine) zibaki na kesho mteja akitaka kijani usianze upya.

Sasa tuchague gauni. Wengi hukimbilia Fuzzy Select, ile yenye alama ya fimbo, lakini kwenye nguo yenye mikunjo inawaangusha: inachukua sehemu iliyopata mwanga na kuacha ya kivuli. Bonyeza F upate Free Select. Kuza picha hadi asilimia 200, washa Antialiasing (hulainisha kingo), kisha bofya nukta moja baada ya nyingine kufuata ukingo wa nguo. Penye mstari ulionyooka nukta ziwe mbali, shingoni na kwapani ziwe karibu karibu. Maliza kwa Enter.

Tazama hapa kati ya mkono na kiuno, ukuta wa nyuma unaonekana. Shikilia Ctrl unapobofya nukta ya kwanza, kiachie, kisha uzungushe nukta kwenye uwazi huo, umalize kwa Enter, nao utatolewa. Ukitaka kuongeza sehemu, shikilia Shift. Usipokishika kitufe kabla ya kubofya, uteuzi wa mwanzo unafutika. Ikitokea, Ctrl na Z.

Tuchague rangi. Bofya kisanduku cha rangi ya mbele, na kwenye HTML notation andika 7a2230. Kama una kitambaa chenyewe, ni bora zaidi ukipige picha kwenye mwanga uleule, kisha uchukue rangi yake kwa Color Picker huku Sample average ikiwa imewashwa. Pikseli moja haitoshi, nyuzi hazifanani.

Bonyeza Shift, Ctrl na N kwa leya mpya. Kwenye Mode (namna leya inavyochanganyika na iliyo chini yake) chagua LCh Color, kwenye Fill with chagua Foreground color. Picha nzima imekuwa nyekundu, usishtuke. Nenda menyu ya Layer, Mask, Add Layer Mask, chagua Selection. Hiyo ni maski: inaamua sehemu gani ya leya ionekane, nyeupe huonyesha, nyeusi huficha. Rangi imebaki kwenye gauni tu. Ondoa uteuzi kwa Shift, Ctrl na A.

Hapa ndipo kiini cha kazi. LCh Color inachukua rangi kutoka leya ya juu na mwanga kutoka picha ya chini. Ndiyo maana kila mkunjo, mshono na kivuli kimebaki mahali pake. Na ndiyo maana pia ukifanya ile nyekundu iwe nzito au nyepesi kwenye kisanduku, uzito wa gauni haubadiliki: mwanga wa rangi uliyochagua hautumiki kabisa.

Damu ya mzee na buluu iliyokolea zinakaribiana kwa mwanga, kwa hiyo tumepita salama. Jaribu njano uone: gauni linakuwa rangi ya tope. Kwenye skrini, njano kamili ina takribani asilimia 93 ya mwanga wa nyeupe, buluu kamili asilimia 7 tu. Hapo lazima uinue mwanga kwanza. Ukiwa kwenye leya ya rangi, nenda Layer, Mask, Mask to Selection. Bofya leya ya picha, idurufu kwa Shift, Ctrl na D, kisha fungua Colors, Curves, uvute katikati ya mstari juu polepole. Usiguse ncha ya chini, vivuli vitapauka.

Gauni jeupe lina dawa yake: weka Mode iwe Multiply, na rangi itatokea ilivyo. Jeusi ndilo gumu. Ukilipandisha kwa Curves, chembechembe za kamera zinajitokeza na nyuzi hazimo. Fundi anayetaka kuonyesha mshono mmoja kwa rangi nyingi apige picha ya gauni la kijivu hafifu au jeupe.

Turudi kwenye kingo. Mstari mwembamba wa buluu umebaki begani. Bofya kijipicha cha maski, hakikisha ndicho kilichozungukwa na fremu, chukua brashi ya pikseli 5 na upake nyeupe juu ya mstari. Rangi ikimwagikia ngozi, paka nyeusi. Ukiona doa la kijivu kwenye nguo, umepaka kwenye leya badala ya maski. Rudi nyuma, bofya maski.

Halafu angalia chini ya kidevu. Gauni la buluu lilitupa mwanga wake kwenye ngozi, na watu wengi huuacha, picha ikabaki na kitu kisichoeleweka. Fungua leya nyingine tupu ya LCh Color, chukua rangi ya ngozi ya jirani, paka kwa brashi laini yenye Opacity (kiwango cha kufunika) 20. Pitisha mara mbili tatu, basi.

Vivuli vikionekana vinawaka kwa wekundu, shusha Opacity ya leya ya rangi hadi 80 hivi. Kitambaa halisi kivulini hufifia rangi.

Kwa kitenge cha maua, njia hii itafunika maua yote. Badala yake durufu picha, iwekee maski ya nguo, bofya kijipicha cha picha, fungua Colors, Hue-Saturation, chagua B (buluu), sogeza Hue (aina ya rangi). Buluu peke yake inahama. Mipaka ya maua ikionekana imekatwa kwa wembe, ongeza Overlap, rangi jirani ziingiliane.

Mwisho, Shift, Ctrl na E, chagua JPEG, ubora 90, na kwenye Subsampling (kiasi cha taarifa za rangi zinazopunguzwa) weka 4:4:4, isipunguze kitu. Ukiweka 4:2:0, nyekundu itavuja ukingoni.